Kuvuja kwa Pakacha

Wahenga wetu walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii hufundishwa sana katika shule zetu, na aghalabu mwalimu huipita upesi kwa kusema kwamba hasara ya mmoja huweza kuwa faida ya mwingine. Maelezo hayo si mabaya, lakini yanaliacha nje jambo lililo zito zaidi. Mchukuzi hakulitoboa pakacha. Yeye anakwenda zake tu, na kadiri anavyokwenda ndivyo mzigo unavyozidi kuwa mwepesi kichwani pake. Basi hana sababu ya kusimama wala ya kugeuka nyuma. Mwenye mali hayupo. Msukaji wa pakacha yuko mbali zaidi, na huenda alikwisha kulipwa ujira wake. Vitu vinadondoka njiani kimoja kimoja, na wote watatu ni watu waaminifu. Je, dhamana ya hasara ile ni ya nani?

Nakusudia kuliuliza swali hilo kuhusu kazi ambayo baadhi ya vijana wetu wanaisomea vyuoni, yaani usanifu wa vitu vya matumizi, na hasa ule usanifu unaojaribu kutoyadhuru mazingira. Ni kazi ya watu wengi kwa pamoja. Mmoja huchora, mwingine huchagua mali ghafi, wa tatu hupiga hesabu ya gharama, wa nne huzungumza na watumiaji, na fundi ambaye huenda hakuonana na yeyote kati yao ndiye hukata na kushona. Kwa kuwa ni kazi ya wengi, ina ugonjwa wake maalumu, nao ni ule ule wa pakacha.

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi ya sherehe. Si ajabu. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao, na maneno hayo yalituingia sana. Lakini mbuzi ya kukunia nazi nayo ni utamaduni, na kinu, na kigoda, na kata ya kuchotea maji. Katika kila kimoja kuna uamuzi wa mtu. Yule aliyekata ubao wa mbuzi kwa mara ya kwanza aliamua kwamba mkunaji ataketi, na kwamba uzito wa mwili wake ndio utakaoushikilia ubao usitikisike. Hakuandika kitabu kuhusu jambo hilo, lakini kila jioni maelfu ya watu wa pwani huketi katika fikira yake.

Na pakacha lenyewe tulitazame kwa jicho hilo. Husukwa kwa kuti bichi la mnazi, kwa muda mfupi, bila msumari wala gundi. Hubeba machungwa, nazi, hata samaki. Likifika mwisho wa safari hutupwa chini ya mti, na baada ya misimu michache limekuwa udongo. Wapo wanaolitaja leo kama ushahidi kwamba wazee wetu walikuwa walinzi wakuu wa mazingira. Mimi nasita kukubali sifa hiyo jinsi inavyotolewa. Wazee walikuwa na maarifa mengi ya mti na udongo, hilo halina ubishi; lakini kuhusu pakacha, kazi ya kuoza ilifanywa na kuti lenyewe. Aliyelitupa hakuhitaji kuuliza litakwenda wapi. Mali ghafi ilimlipia deni lake bila yeye kujua kwamba anadaiwa. Tulichorithi sisi, basi, ni vitu viwili: ustadi wa kusuka, na mazoea ya kutupa. Ustadi tumeuacha upotee, mazoea tumebaki nayo.

Mazoea hayo yalikutana na mfuko wa plastiki. Mfuko ule mwembamba wenye mishikio miwili ulibuniwa nchini Sweden na Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast, na hataza yake ilitolewa mwaka 1965. Ukiutazama kwa haki, ni kazi nzuri sana ya usanifu. Mfuko wenye uzito wa gramu chache tu hubeba kilo kadhaa, haulowi, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba muuzaji huutoa bure. Kila swali walilojiuliza wabunifu wake lilipata jibu. Swali ambalo halikuwa la mtu yeyote katika mlolongo ule, kuanzia kiwandani hadi dukani, ni nini kitafuata mteja akishafika nyumbani. Jibu tulilipata mitaroni, ufukweni, na katika matumbo ya ng'ombe. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo katikati ya miaka ya 2000, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Ndipo ulipotokea msiba mdogo ambao ndio hasa ulionifanya niandike insha hii. Binti mmoja aliyesomea usanifu wa bidhaa katika chuo kimoja cha hapa nchini alinisimulia kazi waliyopewa baada ya marufuku ile. Walikuwa wanafunzi watano, nao walitakiwa kubuni mfuko wa kwendea sokoni usiodhuru mazingira. Waligawana kazi kama walivyofundishwa. Mmoja alichora. Mmoja alishughulikia mali ghafi. Mmoja alikwenda sokoni kuwahoji wauzaji na wanunuzi. Mmoja alipiga hesabu, na wa tano, ambaye ni binti huyu, aliandika ripoti. Walikuwa na kiongozi, walikutana kila wiki, hawakugombana, na walimaliza kabla ya siku iliyowekwa. Mfuko ulikuwa wa rangi ya kijani, umechorwa jani kubwa upande mmoja, na chini ya jani maneno haya: Rafiki wa Mazingira.

Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu aliushika mfuko, akausugua kati ya vidole, akauliza umetengenezwa kwa kitu gani.

"Polipropilini, mwalimu," akajibu upesi yule wa mali ghafi. "Ni aina ya plastiki. Nimeeleza katika ukurasa wa nne."

Na kweli alikuwa ameeleza. Kitambaa kile, ambacho ndicho kilichojaa madukani kwa jina la mifuko mbadala, hakikufumwa kwa pamba. Ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa kwa joto. Sheria yetu iliuruhusu mfuko wa namna hiyo kwa sharti la uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili udumu na utumike mara nyingi. Si haramu, wala mwanafunzi hakuficha neno. Mwalimu akamgeukia mchoraji na kumwuliza ni nani aliyeandika kwamba ni rafiki wa mazingira. Mchoraji akasema alidhani wenzake walikwisha kulichunguza jambo hilo. Mpiga hesabu akasema yeye aliangalia bei tu. Yule aliyekwenda sokoni akafungua daftari lake, na humo mlikuwa na maneno ya mama mmoja muuza mchicha: "Mwanangu, mfuko wenu mzuri, lakini nikishaufua mara tatu unanyonyoka nyuzi, nazo zinaingia kwenye mboga." Alikuwa ameyaandika kwa uaminifu, akayaweka chini ya kichwa cha habari kisemacho Maoni Mengineyo.

Hakuna hata mmoja kati ya watano wale aliyesema uwongo. Lakini mfuko ulisema uwongo. Hapo ndipo penye fumbo la kifalsafa ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Tumezoea kufikiri kwamba uwongo sharti uwe na mwenyewe. Kwamba ukifuatilia kwa bidii utamkuta mtu mmoja aliyeujua ukweli akaamua kuupindisha. Hapa ukweli ulikuwemo ndani ya kundi, tena wote: katika ukurasa wa nne, na katika daftari. Kundi lilijua, na hakuna mtu ndani yake aliyejua. Kila mmoja alikuwa mchukuzi mwaminifu wa sehemu yake, na mzigo wa mwenziwe aliuona kama wasemavyo watu, ni kanda la usufi.

Wako watakaojibu kwamba dawa yake ni uongozi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi awekwe nahodha mmoja, naye ndiye abebe dhamana. Jibu hili lina ukweli wake baharini, kwa kuwa nahodha yumo ndani ya chombo kile kile, na kikizama atazama nacho. Lakini kundi lile lilikuwa na kiongozi. Yeye alihakikisha kwamba kila mmoja amemaliza sehemu yake, na kila mmoja alikuwa amemaliza. Kumpa mtu mmoja dhamana yote huwafanya wengine wanne wawe wepesi zaidi, na wepesi huo ndio ule ule wa pakacha linalovuja.

Wengine watasema dhamana igawanywe kwa hesabu: watu watano, kila mtu sehemu moja ya tano. Jambo hili linasikika kuwa haki, na mahakama huenda zikalihitaji katika kugawa fidia. Lakini katika maadili ni upuuzi. Kama ni hivyo, basi njia rahisi ya kupunguza kosa ni kuongeza watu. Kundi la watu elfu likitia sumu mtoni, kila mmoja angekuwa na kosa dogo kiasi cha kutoweza kumnyima usingizi. Na kwa kweli hivyo ndivyo viwanda vingi duniani vilivyolala usingizi mzuri kwa muda mrefu.

Katika urithi wa pwani yetu iko fikira nyingine. Wanazuoni wa Kiislamu, ambao mafundisho yao yameacha alama kubwa katika lugha hii, hutofautisha faradhi aini na faradhi kifaya. Ya kwanza ni wajibu wa kila mtu nafsi yake, wala hakuna awezaye kumtimizia mwenziwe. Ya pili ni wajibu wa jumuiya, kama kumwosha maiti na kumzika: wakitokea wachache wakaufanya, wote waliobaki wamesamehewa. Lakini asipotokea mtu, dhambi haigawanywi kwa idadi ya wakazi wa mji. Kila mmoja aliyejua na aliyeweza huibeba nzima. Msomaji wa dini nyingine, au asiye na dini, anaweza kuichukua hoja hii kwa upande wa mantiki yake tu, nayo inasimama. Kuuliza kitu hiki kitakwenda wapi kikishatumika ni kazi ambayo mmoja akiifanya vizuri wote wametua mzigo. Asipoifanya yeyote, hakuna anayeweza kusema kwamba haikuwa sehemu yake.

Nitaambiwa kwamba huku ni kuwatwisha watu wasichokiweza. Mchoraji hawezi kuwa mwanakemia, na mpiga hesabu hawezi kukaa sokoni siku nzima. Ni kweli, wala sidai kila mtu ajue kila jambo. Nadai machache kuliko hayo, ingawa kwa watu wengi ndiyo magumu zaidi: kila mmoja awe na haki ya kumwuliza mwenziwe jambo lisilo la kwake, na kila mmoja akubali kuulizwa bila kuona amevunjiwa heshima. Katika msaragambo wa kujenga nyumba jambo hili lilikuja lenyewe. Aliyeezeka paa alijua ni mtoto wa nani atakayelala chini yake, na mpitaji yeyote angeweza kupaza sauti kutoka njiani kwamba ukuti ule umekaa vibaya. Kuvuja kwa paa kulikuwa na uso na jina. Msanifu wa leo hamjui mtumiaji wake, na yule anayepokea takataka zake hamjui kabisa. Kwa hiyo lile lililokuwa likifanywa na ujirani halina budi sasa kufanywa kwa makusudi.

Kwamba jambo hili linawezekana, tunao mfano mkubwa kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Agosti 1981 ulifanyika Nairobi mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata juhudi kubwa ilielekezwa kwenye jiko la makaa. Jiko la bati la zamani lilipoteza joto jingi kupitia ubavuni mwake. Wataalamu walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, lenye ukuta wa udongo wa kuchoma ndani ya bati, wakajaribu kuliiga. Vielelezo vya kwanza havikufaulu. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto, basi udongo ulipasuka. Tena mambo ya jikoni yana sheria zake ambazo hazimo katika vitabu vya uhandisi: jiko la kusongea ugali sharti lisimame imara, kwa sababu msongaji hulisukuma kwa nguvu za mabega yake yote. Wanawake waliopewa majiko kuyajaribu waliyasema makosa yake, mafundi wa Shauri Moyo waliokuwa wakigonga bati kwa nyundo chini ya jua walisema ni mkunjo gani unawezekana na upi ni ndoto ya mchoraji, na wafinyanzi nao walikuwa na neno lao kuhusu udongo. Jiko likabadilika umbo. Likabanwa kiuno, likapanuliwa kitako, na udongo ukabaki sehemu ya juu tu, mahali panapokaa makaa. Likitengenezwa vizuri hupunguza matumizi ya makaa kwa theluthi, pengine hata nusu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya zilikuwa nalo, na huku kwetu Dar es Salaam lilijulikana kwa jina la Jiko Bora.

Jiko lile ni la nani? Mhandisi akisema ni lake, mwanamke aliyesonga ugali juu yake ana haki ya kucheka. Umbo lile la kiuno chembamba ni mazungumzo yaliyogandishwa katika bati.

Lakini nisilisifu kupita kiasi. Halikuwekewa hataza, na hilo lilikuwa jema, kwa kuwa fundi yeyote mwenye nyundo aliweza kulitengeneza na kulisha watoto wake. Wema huo huo ukafungua mlango kwa majiko yenye udongo usioiva motoni, yanayopasuka baada ya muda mfupi. Mnunuzi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Mfua bati humlaumu mfinyanzi, mfinyanzi huulaumu udongo, na muuzaji husema yeye anauza tu. Pakacha limeanza kuvuja tena. Na juu ya yote, makaa yaliyopunguzwa bado ni makaa. Mkakati wetu wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wameuacha moto wa namna hiyo ifikapo mwaka 2034.

Nirudi kwa walimu, maana insha hii inawahusu zaidi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliilaumu elimu ya kikoloni kwa kumfundisha kijana kupanda ngazi peke yake. Tangu wakati huo tumewapa wanafunzi kazi nyingi za pamoja, lakini namna ya kuzipima imebaki kutusumbua. Ama tunawapa wote alama moja, na mvivu hujificha nyuma ya mwenye bidii. Ama tunampa kila mmoja alama ya sehemu yake, na hapo tunawafundisha kwa kalamu nyekundu kwamba sehemu ya jirani si kazi yao. Kanuni hii ya pili ndiyo iliyouzaa mfuko wa kijani. Wanafunzi wale walifanya kile hasa ambacho wangelipwa alama kwa kukifanya.

Mwalimu wao aliliona hilo. Aliwarudishia kazi kwa sharti moja: siku ya kuionyesha tena, kila mwanafunzi ataulizwa kuhusu sehemu ambayo si yake, na alama zitatoka hapo. Binti yule aliniambia kwamba wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Mikutano iliyokuwa ya nusu saa ikawa ya saa tatu. Mchoraji alikasirika kuulizwa na mpiga hesabu kwa nini mstari huu umepinda, na kwa siku mbili hakuonekana. Utulivu wa mwanzo, alisema, ulikuwa ni kutojaliana tu. Walipoanza kujali ndipo walipoanza kugombana. Maneno hayo nimeyafikiria sana.

Mwishowe hawakubuni mfuko hata kidogo. Mama muuza mchicha alikuwa amewaonyesha vikapu vya ukindu vilivyotupwa, na karibu vyote tumbo lilikuwa zima, mikono tu ndiyo iliyokatika. Basi wakabuni mkono wa kamba ya mkonge unaofungwa na kufunguliwa, ambao mwenye kikapu anaweza kuubadilisha mwenyewe. Hakikuwa kitu cha kushangaza macho. Bei ya kikapu ilizidi ya mfuko, wala hakifai kubebea samaki wabichi, na yote mawili waliyaandika ukurasa wa kwanza.

Siku ilipofika, mwalimu alimwuliza mchoraji kuhusu ukindu. Alijibu kwamba hukatwa majani machanga, yangali hayajafunguka, na kwamba mkindu ukikatwa machanga yake yote hudumaa. Alikuwa amekwenda mwenyewe pamoja na mwenzake wa mali ghafi kuwaona wakataji. Mwandishi wa ripoti aliulizwa bei ya mkonge, akaijua. Kisha mwalimu akaupitisha mkono wake juu ya mistari ya zambarau na njano iliyopambwa ubavuni mwa kikapu, akauliza rangi ile ni ya nini, na wasukaji wakishaichemshia ukindu maji yake humwagwa wapi. Wakatazamana. Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza, na safari hii hakuna aliyemwonyesha mwenziwe kidole. Asubuhi ya pili yake wawili kati yao walipanda basi kurudi kwa wasukaji.